Utamaduni Usio na Anwani: Kuhusu Uteuzi wa Mada katika Insha za Utafiti wa Kiswahili

Kuna aina ya mada ambayo kila aliyewahi kuketi katika jopo la kupitisha mapendekezo ya utafiti katika idara ya Kiswahili huitambua kabla mwanafunzi hajafungua kinywa. Mada yenyewe huitwa "Utamaduni wa Mwafrika katika Fasihi ya Kiswahili", au "Nafasi ya Mwanamke katika Utengano", au, hasa jijini Nairobi, "Athari za Sheng kwa Kiswahili Sanifu". Mwanafunzi huisoma kwa sauti ya kujiamini. Wanajopo hutikisa vichwa, mmoja akauliza ni nadharia ipi itakayotumiwa, mwingine akasahihisha mahali pa koma, na mada ikapita. Makala haya yanadai kwamba mada za namna hii hazistahili kupita. Kwamba kuzipitisha ni kumnyima mwanafunzi elimu aliyoijia chuoni. Na kwamba lawama ni ya wasimamizi kabla ya kuwa ya wanafunzi.

Kasoro ya mada pana si upana wenyewe. Wapo wataalamu waliotumia umri wao mzima katika mada pana na wakazimudu. Kasoro iliyopo ni kwamba mada ya aina hii haiwezi kushindwa. Mwanafunzi anayechunguza nafasi ya mwanamke katika Utengano, riwaya ya Said Ahmed Mohamed iliyochapishwa 1980, anajua kabla ya kuifungua kwamba atamkuta mwanamke amedhulumiwa. Atamkuta Maimuna amefungiwa ndani na babake, atamkuta Bwana Maksuudi na unafiki wake, atayanukuu matukio hayo, kisha atahitimisha kwamba mwanamke amedhulumiwa. Nadharia tete ilithibitishwa kabla ya utafiti kuanza. Hakuna ukurasa wa riwaya ile ambao ungeweza kumkatalia. Utafiti usioweza kukataliwa na data yake ni kiapo, na kiapo hakihitaji sura tano. Lakini mwanafunzi huyo huyo angeulizwa achunguze milango tu katika riwaya hiyo, yaani nani anafungua, nani anafunga, nani anabisha hodi na nani anaingia bila hodi, angelazimika kuisoma upya, na pengine angekuta jambo ambalo msimamizi wake hakulitarajia.

Hali ni mbaya zaidi mwanafunzi anapotoka kwenye kitabu na kwenda kwenye kile kinachoitwa utamaduni. Hapo ndipo anwani hupotea kabisa. Mchukue mwanafunzi aliyepanga chumba Gatina au Kabiro, mitaa ya Kawangware. Kila asubuhi hupanda matatu ya njia namba 46, akapita Yaya na Hurlingham hadi katikati ya jiji. Njiani husikia lugha ikitungwa, ikigeuzwa, ikitaniwa na kutukaniwa kwa muda wa saa nzima ikiwa barabara imefunga. Akishuka, hukimbilia maktaba kutafuta utamaduni wa Mwafrika katika vitabu vilivyoandikwa na watu ambao hawajawahi kupanda gari hilo. Jioni hurudi kwa njia ile ile, masikio yakiwa wazi na daftari likiwa limefungwa mkobani. Hakuna aliyemwambia kwamba alichokisikia ni data. Yamkini aliambiwa kinyume chake.

Chukua jambo moja tu kati ya hayo anayoyasikia, yaani majina ya pesa. Makanga hana haja ya kusema shilingi ishirini, kwa sababu anayo mbao. Hamsini ni finje, mia ni soo, elfu ni ngiri. Kumi ni ashu, na hapo mwanafunzi wa Kiswahili angepaswa kusimama, kwa kuwa neno hilo linaelekea sana kuwa mtoto wa ashara, hesabu ya Kiarabu ambayo washairi wa pwani waliitumia kwa karne nyingi na ambayo vijana wa bara wanadhaniwa hawaijui. Ngiri ni neno la Kigikuyu lenye maana ile ile ya elfu, nalo limeketi kando ya ashu pasipo ugomvi. Je, mbao, ambayo katika kamusi ni kipande cha mti kilichopasuliwa, ilifikaje kuwa shilingi ishirini? Yafaa kukumbuka kwamba katika hesabu za serikali ya Kenya shilingi ishirini zilikuwa pauni moja, na kwamba kiasi hicho kilikuwa kipimo kamili kwa muda mrefu. Huenda hilo linahusika na huenda halihusiki. Jibu halimo katika kitabu chochote cha marejeleo anachopewa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Linatafutwa kwa kuuliza watu wa umri mbalimbali, kwa majina ya vituo na kwa tarehe.

Kisha kuna Jirongo. Katika kampeni za uchaguzi mkuu wa 1992, ule wa kwanza wa vyama vingi tangu Kenya irudie mfumo huo, kikundi cha vijana wa KANU kilichojulikana kama YK'92 kilitajwa sana kwa kumwaga pesa, na kiongozi wake alikuwa Cyrus Jirongo. Noti ya shilingi 500 ikabandikwa jina lake. Haikuamriwa na Benki Kuu wala haikutangazwa redioni. Umma uliona noti, ukaona ilikotoka, ukaipa lakabu. Miaka kumi na minane baadaye Katiba ya 2010, katika kifungu cha 231, ilipiga marufuku picha ya mtu yeyote kuwekwa kwenye noti na sarafu za nchi, na noti mpya zikazinduliwa Juni 2019. Kwa hivyo sheria iliondoa uso wa kiongozi kwenye karatasi, ilhali jina la mwanasiasa lilikuwa limekwisha kuandikwa kwenye pesa hizo na watu wasio na mamlaka yoyote juu yake. Je, nani bado analitamka? Je, kijana aliyezaliwa baada ya 2002 anapolisikia anajua kwamba ni jina la mtu? Na tangu M-Pesa ilipoanzishwa 2007, abiria akizoea kulipa kwa simu, lakabu ya noti inabaki wapi wakati noti yenyewe haishikwi? Haya ni maswali ya historia, siasa, isimu na fasihi kwa pamoja, nayo yanatoshea katika njia moja ya matatu na muhula mmoja.

Pingamizi la kwanza linajulikana: je, hii ni fasihi? Wanaouliza swali hili aghalabu huliuliza kwa sauti ya mtu anayefunga mjadala, kumbe ndiyo wanaoufungua. Mtalaa wa Kiswahili wa shule za upili nchini Kenya umefundisha misimu na lakabu miongoni mwa vipera vya fasihi simulizi. Mwanafunzi hutahiniwa juu ya vipera hivyo, akavifafanua, akatoa sifa na dhima zake, akapata alama. Akifika chuo kikuu na kupendekeza kuchunguza lakabu halisi iliyozaliwa jijini mwake, huambiwa kwamba hiyo ni kazi ya waandishi wa habari au ya watu wa sosholojia. Hivyo basi lakabu ni fasihi mradi tu isiwe na mtu anayeitamka. Msimamo huu hauna utetezi wa kitaaluma. Unalindwa na mazoea peke yake.

Aidha, kuna wanaotaja Sheng kana kwamba kuitaja ni kuihukumu. Mada ya "athari za Sheng" imeandikwa mara nyingi mno, na karibu kila mara neno athari limemaanisha madhara. Walimu huulizwa kama Sheng inaharibu Kiswahili. Walimu hujibu kwamba inaharibu. Asilimia zinachorwa katika majedwali. Pendekezo linatolewa kwamba wazazi wazungumze Kiswahili sanifu nyumbani. Utafiti wa namna hiyo umepima maoni ya walimu kuhusu Sheng bila kuigusa Sheng yenyewe. Kwa upande mwingine, Chege Githiora katika kitabu chake cha 2018 kuhusu Sheng aliichukulia kama lahaja ya Kiswahili cha Kenya inayostahili kuelezwa, akaieleza. Si lazima mtu akubaliane naye. Ila anayetaka kumpinga atahitaji maneno, wasemaji na mitaa, na asilimia za hojaji hazitamfikisha huko.

La kusikitisha ni kwamba haya yote yanatokea Nairobi, mahali ambapo hoja ya kuanzia nyumbani ilitolewa mapema kuliko pengi barani. Mnamo Oktoba 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong waliandika waraka wao maarufu wa kutaka Idara ya Kiingereza ivunjwe katika chuo kikuu cha Nairobi, na mahali pake pawekwe idara ambayo Afrika ingekuwa kitovu chake na fasihi simulizi ingekuwa nguzo yake. Mnamo 1974 mjadala ukahamia kwenye mkutano wa walimu wa fasihi uliofanyika Nairobi School, kando ya barabara iitwayo sasa Waiyaki Way, si mbali na Kangemi. Wale watatu walijenga hoja yao kama anayehesabu nyumba kutoka mlangoni pake: kwanza hapa, kisha Afrika Mashariki, kisha Afrika, kisha ulimwengu. Waliowafuata walichukua neno Afrika wakaacha utaratibu. Kitovu kilihamishwa kutoka London, ni kweli, lakini kikawekwa katika "Afrika" kubwa kiasi kwamba hakuna mwanafunzi anayeweza kuweka mguu ndani yake. "Mtazamo wa Mwafrika kuhusu kifo" ni mada isiyo na mazishi hata moja. Owuor-Anyumba, ambaye kati ya watatu hao ndiye anayesahauliwa upesi, alijulikana kwa kukusanya nyimbo na simulizi nyanjani; alifahamu kwamba wimbo huwa na mwimbaji.

Wanaohofia kwamba mada finyu itamfanya mwanafunzi kuwa na fikra finyu wangetazama historia ya taaluma yenyewe. M. M. Mulokozi alitafiti tendi za Wahaya zinazoimbwa kwa nanga, ala moja katika pembe moja ya Tanzania, na tasnifu yake ya uzamifu ikakamilika 1986. Miaka mitatu baadaye, katika jarida la Mulika, alitoa uainishaji wa tanzu za fasihi simulizi ambao ungali unatumiwa na kubishaniwa katika madarasa ya Kiswahili kote Afrika Mashariki. Hakuanza na uainishaji akashuka hadi kwenye nanga. Terence Ranger alichukua ngoma moja, beni, na katika kitabu chake cha 1975 akaonyesha namna watu wa pwani na bara walivyoishi chini ya ukoloni, walivyoiga magwaride yake na kuyageuza. Karibu zaidi, Mbugua wa Mungai alizichunguza matatu za Nairobi kwa miaka mingi hadi kitabu chake, Nairobi's Matatu Men, kikatoka 2013. Kitabu hicho ni cha Kiingereza. Lugha inayotamkwa mlangoni mwa matatu kwa sehemu kubwa ni Kiswahili cha namna moja au nyingine, lakini idara za Kiswahili ziliiacha ipite zikiwa bado zinajadili iwapo ni Kiswahili. Hili ni jambo la kuona haya, wala haliwezi kulaumiwa mkoloni.

Mfano mwingine uko upande huo huo wa jiji. Kangemi na Kawangware zina wakazi wengi wenye asili ya magharibi mwa Kenya. Ngoma ya isukuti ya Waisukha na Waidakho wa Kakamega iliingizwa na UNESCO mnamo 2014 katika orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa haraka. Mwanafunzi akipendekeza "Fasihi Simulizi ya Waluhya", atapitishwa, ingawa jina Waluhya linakusanya jamii zaidi ya kumi na tano zenye lahaja zinazotofautiana hata wazungumzaji wasielewane. Akipendekeza isukuti jinsi inavyopigwa Kakamega, atapitishwa pia, na hapo angalau kuna mahali. Lakini akipendekeza isukuti inapopigwa Kangemi, katika kikao cha kuchanga pesa za kusafirisha maiti kwenda nyumbani, ataulizwa kwa nini asiende "kwenye asili". Swali hilo linadhania kwamba utamaduni huishi mashambani na kwamba mjini huja kufa. Kumbe swali la maana ni hili: mwimbaji hufanya nini pale ambapo nusu ya waliomzunguka ni majirani wasioelewa Kiisukha? Je, huingiza Kiswahili? Huingiza wapi, kwenye kiitikio au kwenye masimulizi ya sifa za marehemu? Anayetoa mchango husifiwa kwa lugha ipi? Orodha ya UNESCO haiwezi kujibu maswali haya, na mwanafunzi anayeishi milango mitatu kutoka hapo anaweza. Inafaa tu atafute ruhusa ya wafiwa kabla ya kuwasha kinasa sauti, kwa maana msiba si maabara.

Kuna jambo jingine lililofanya suala hili kuwa la dharura. Nairobi imekuwa moja ya vituo vikubwa vya biashara ya kuandika insha za watu wengine. Gazeti la The New York Times liliieleza biashara hiyo mnamo 2019: wahitimu wa Kenya, wengi wao wenye akili kali na wasio na ajira, huwaandikia wanafunzi wa Marekani, Uingereza na Australia kazi zao za chuo kwa malipo. Uingereza ilitunga sheria mnamo 2022 iliyofanya utoaji wa huduma hiyo kuwa kosa la jinai nchini humo. Kisha, mwishoni mwa mwaka huo huo, zikaja programu za kompyuta zinazotunga insha kwa sekunde, na waandishi wengi wa kulipwa wakaanza kupoteza wateja wao. Majopo ya mapendekezo yanapaswa kujiuliza ni mada za aina gani zilizowezesha biashara hiyo. Mtu aliyeketi chumbani Nairobi aliweza kumwandikia mwanafunzi wa Ohio kuhusu utamaduni kwa kuwa utamaduni ulioulizwa haukuwa na anwani. Kwa sababu hiyo hiyo programu ya kompyuta inaweza kuandika "Utamaduni wa Mwafrika katika Fasihi ya Kiswahili" vizuri kuliko wanafunzi wengi, na kwa hakika kwa makosa machache ya tahajia. Haiwezi kusema abiria wa njia ya 46 walijibu nini walipoulizwa juu ya Jirongo. Ikisema, itakuwa imezua, na msimamizi anayeijua njia hiyo atatambua.

Anayeijua njia hiyo, lakini. Hapa ndipo penye kidonda. Mada pana humpendeza msimamizi kwa sababu haimdai chochote. Vitabu vyake alikwisha kuvisoma, hitimisho lake alikwisha kulisikia, na tasnifu inaweza kusahihishwa usiku mmoja. Mada yenye anwani humlazimu msimamizi kujifunza kutoka kwa mwanafunzi wake, na si kila mwenye shahada ya uzamifu anayeweza kulistahimili hilo. Ni kweli kwamba wasimamizi wana wanafunzi wengi kupita kiasi, na kwamba mishahara huchelewa na migomo hukatiza mihula. Sababu hizo ni nzito. Hata hivyo haziwezi kueleza kwa nini mada pana zilikuwa zikipitishwa hata idara zilipokuwa na wanafunzi wachache.

Wala isidhaniwe kwamba kila mada finyu ni bora. Kuhesabu methali katika tamthilia moja na kuzipanga kwa alfabeti ni kazi finyu, nayo imekufa. Kinachoipa mada uhai ni swali ambalo jibu lake halijulikani na ambalo linaweza kujibiwa na mtu mmoja, kwa nauli aliyo nayo, kabla ya tarehe ya kuwasilisha. Mashairi ya malumbano katika Taifa Leo ya mwaka mmoja ni mada ikiwa mtafiti anataka kujua ni nani aliyeanza kumjibu nani na kwa bahari gani. Nyimbo za Simba Wanyika, ndugu waliotoka Tanga wakaja kufanya muziki wao Kenya, ni mada ikiwa mtafiti anauliza Kiswahili cha Tanga kilibadilikaje ndani ya nyimbo zilizorekodiwa Nairobi. Bila maswali hayo ni orodha tu.

Majopo yangeweza kuanza na hatua ndogo mno, ambayo haihitaji fedha wala kikao cha seneti. Kabla ya kuuliza kuhusu nadharia, mwenyekiti amuulize mwanafunzi data yake iko mtaa gani, inatoka kinywani mwa nani, na ni jambo gani likipatikana litamfanya abadili msimamo wake. Asiyeweza kujibu arudishwe, kwa upole, akatembee. Kwa upande wa majina ya pesa muda wenyewe si mrefu. Kijana aliyekuwa makanga wa miaka ishirini katika kampeni za 1992 sasa amepita miaka hamsini. Wengi wa rika lake waliacha kazi hiyo zamani, wengine wakarudi mashambani, wengine wakafa. Wachache wangali wanaonekana kwenye vituo vya Kawangware na Kangemi, wakipanga foleni za magari na kupokea kidogo kutoka kwa kila dereva, na wanaweza kuulizwa kesho asubuhi.